Kliniki ya watoto wanapojifunzia madaktari: miaka sita na mwanangu wa selimundu, naipa nyota nne

Hauishi mwezi bila mtu kuniuliza kwenye simu, eti dada ile kliniki ya watoto ya hospitali kubwa ikoje, nasikia wanakuwekea wanafunzi, ni kweli? Sasa naandika mara moja, nikiulizwa tena natuma hii. Jina la kliniki silitaji kwa sababu kuna mambo ya ndani ntayasema na sitaki kumuaibisha mtu, ila mnaoishi huku Marekani mnajua, hospitali nyingi za chuo zina kliniki ya namna hii na mambo yake yanafanana.

Kwanza hilo la wanafunzi. Yule kijana unayemkuta mle ndani mwenye beji imeandikwa rezidenti ni daktari kamili, chuo cha udaktari kashamaliza, saivi anasomea udaktari wa watoto miaka mitatu chini ya mabingwa. Hakutibii mtoto peke yake, akishamuona anatoka kwenda kumweleza bingwa halafu wanarudi wote wawili. Kwa hiyo mtoto anatazamwa na macho manne badala ya mawili. Hasara yake ni muda, andaa saa moja na nusu, na ukienda mwezi wa saba andaa mawili kabisa maana huo ndio mwezi wanaoingia wapya na kila kitu wanauliza.

Mwanangu kazaliwa hapahapa mwaka 2019. Huku kila mtoto anachomwa kisigino kabla hajatoka hospitali, matone machache ya damu kwenye karatasi yanapelekwa maabara, na selimundu, yaani sickle cell, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ni mojawapo ya magonjwa yanayoangaliwa majimbo yote. Wiki ya pili tukapigiwa simu, SS, yaani selimundu anayo. Mimi kwetu Tanga nina binamu yangu aliyefariki na ugonjwa huohuo, na kwake ulijulikana baada ya kuugua sana, hivyo ile simu iliniumiza ila pia nikamshukuru Mungu kwamba tumejua mapema. Tukapangiwa kliniki mbili, ya mabingwa wa damu kila baada ya miezi kadhaa, na hii ya watoto ya kawaida kwa chanjo, ukuaji, homa, kila kitu. Ya pili ndo naizungumzia.

Sasa elewa shida iko wapi. Rezidenti wako yuko kliniki kama nusu siku kwa wiki. Siku zilizobaki yuko wodini, au kwa vichanga, au emajensi, kazi mpaka saa 80 kwa wiki. Mtoto wako hachagui kupata homa siku ya zamu yake. Na mtoto mwenye selimundu homa sio kitu cha kusubiri, sisi tuliambiwa ikifika 101 ya kwao, yaani kama 38.3 ya kwetu, usimpe dawa ukalala, nenda emajensi usiku huohuo. Kwa hiyo kliniki ya namna hii ikimfundisha daktari wake awe hodari yeye mwenyewe tu, haikusaidii kitu. Lazima imfundishe kufanya kazi na nesi, na mfamasia, na mtu wa ustawi wa jamii, na mkalimani, kiasi kwamba asipokuwepo mtoto wako hajapotea. Hicho ndicho ninachowapimia miaka yote hii, na ndo maana ni nyota nne na sio tano.

Nianze na penisilini. Mtoto wa selimundu anaanza penisilini kabla ya miezi miwili, asubuhi na jioni kila siku mpaka afike miaka mitano, kwa sababu bandama lake halimkingi na wale wadudu wa damu na homa ya uti wa mgongo. Ile ya maji ikishachanganywa inakaa friji siku 14 tu, inamwagwa. Kwa hiyo mimi kila wiki mbili naenda famasi na mabasi mawili nimebeba kichanga, na baridi ya huku mnaijua. Rezidenti wetu wa kwanza alikuwa msichana mzuri, mpole, kila miadi anauliza dawa anakunywa? Najibu anakunywa. Anaandika. Basi. Mpaka siku moja nesi mratibu, mama mmoja wa makamo, akasimama mlangoni akamuuliza mbele yangu, umemuuliza anaipataje? Akageuka akaniuliza, nikaeleza mabasi. Yule daktari akanyamaza kabisa. Nesi akampigia mfamasia papohapo, mfamasia akasema badilisheni vidonge, nusu kidonge anakisaga anachanganya na kijiko cha uji au maziwa yake, na vidonge unapewa vya mwezi mzima. Dakika kumi imeisha hiyo. Miezi minne nilikuwa nahangaika na jambo la dakika kumi.

Nilichokipenda ni kwamba nesi hakumwita pembeni kumsema, na daktari hakukasirika. Alitoa daftari lake dogo la mfukoni akaandika. Miadi iliyofuata ananiambia ameshawauliza wazazi wengine wawili swali lile la unaipataje.

Halafu bibi. Mama yangu alikuja kukaa nasi mtoto akiwa na miezi minane, na mimi nikarudi kazini zamu ya usiku kwenye ghala. Maana yake asubuhi dawa anampa bibi, jioni dawa anampa bibi, mimi niko kazini au nimelala. Na pale kliniki wananifundisha mimi. Wamenifundisha mpaka kupapasa bandama, unalaza mtoto chali, unaweka vidole chini ya mbavu za kushoto unasikilizia ncha yake, kwa sababu linaweza kuvimba ghafla damu ikajaa humo, mtoto akawa mweupe midomo na akalegea, ukichelewa unamkosa. Nimejua vizuri tu. Lakini anayekaa na mtoto mchana kutwa ni nani? Bibi. Hakuna daktari aliyeuliza, wala bingwa. Aliyeuliza ni yule yule nesi, who's at home, maneno mepesi tu hivyo, nani anakuwa nyumbani? Miadi iliyofuata tukaja na bibi.

Siku ile sitaisahau. Rezidenti akaleta mkalimani kwenye iPad, yule mkalimani ni ndugu yetu wa Kongo, Kiswahili chake kizuri lakini sio cha Tanga, ilipofika kwenye bandama akataja la Kifaransa maana ndo alilozoea, bibi ananitazama mimi namtazama bibi. Nesi akaona nyuso zetu akasema tusimamishe kwanza. Rezidenti akamwomba radhi bibi, akamweleza mkalimani polepole tunazungumzia nini na kwa nini, akamshika mtoto akaonyesha kwa mkono. Mkalimani akasema aaa, bandama, nimeelewa. Halafu bibi akaambiwa aonyeshe yeye. Akaonyesha, kwa vidole vilevile alivyokandia watoto wake na mafuta ya nazi, tena akamwambia daktari wewe unabonyeza sana, mtoto anakaza tumbo, mbembeleze kwanza. Daktari akajaribu vile akasema ni kweli.

Tangu siku hiyo sijawahi kumuona yule binti rezidenti anaanza na mkalimani bila kwanza kuongea naye dakika moja, leo tuna mama na bibi, tunazungumza hiki na hiki. Baadae nikaja kujua kwamba hilo wanatakiwa wafundishwe tangu mwanzo ila wengi wanalijua kwenye karatasi tu. Na lingine wazazi mlijue, mkalimani ni haki yako kisheria na ni bure, na mtoto wako mkubwa asikutafsirie. Mimi Kiingereza naongea, kazini nakitumia, lakini dozi ya mwanangu nataka niisikie kwa Kiswahili nisije nikakosea saba na sabini. Siku nimekuja na binti yangu wa miaka 12 mapokezi wakasema si yupo huyu atakutafsiria, nesi akatoka akasema hapana, huyu ni mtoto.

Kuna jambo la miezi miwili pia. Huku mama mwenye kichanga anaulizwa maswali 10 kuhusu hali yake mwenyewe, kama anacheka, kama analia, kama anajilaumu. Rezidenti alinisomea kama anasoma orodha ya vitu vya dukani, na mimi nikajibu niko sawa niko sawa, maana sisi ukiulizwa hujambo unasema sijambo hata kama umekufa ndani. Dada wa ustawi wa jamii alikuwa amekaa pembeni. Akasema ngoja, akaweka kalamu chini, akaniuliza unalala saa ngapi? Nikaanza kulia. Nilikuwa silali, jamani, nakaa nasikiliza mtoto anavyopumua mpaka alfajiri, namuwaza binamu yangu. Rezidenti aliona yote, hakuondoka, na bingwa aliporudi yeye ndo akamwambia alama za fomu ni ndogo lakini mama haendelei vizuri. Huyo dada alinitafutia mtu wa kuongea naye, na usafiri wa kliniki, maana kumbe Medicaid, ile bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, inalipia gari la kukupeleka na kukurudisha kwenye matibabu, muda wote ule naganda vituoni na haki yangu ipo. Waulizeni hilo.

Sasa nisemee nyota iliyopungua.

Juni 2022 yule binti, rezidenti wetu wa kwanza, akamaliza miaka yake mitatu. Tukaagana, bibi alimpa kanga, wote tukalia. Tukaambiwa mtapewa rezidenti mpya, mtapigiwa. Hatukupigiwa. Agosti nikaenda famasi kuchukua penisilini, wakaniambia cheti kimekwisha, tumetuma maombi kwa daktari wako hajajibu. Daktari wao ni yule aliyeondoka! Maombi yalikuwa yanaingia kwenye kompyuta ya mtu ambaye hayupo, na hakuna aliyekuwa anaangalia. Napiga kliniki mapokezi wananiambia huyo daktari hayupo tena hapa, nikasema najua, mtoto ana selimundu, dawa imekwisha, wakasema tutaacha ujumbe. Ujumbe kwa nani? Siku tisa mwanangu wa miaka mitatu hakunywa penisilini. Tisa. Kila usiku namshika paji la uso. Siku ya tisa nikaacha kupiga nikaenda mwenyewe, nikamtafuta nesi mratibu kwa macho kwenye korido, alikuwa ametoka likizo ndo siku yake ya kwanza, aliponisikia alikaa kwenye kiti. Saa moja baadae dawa iko mkononi.

Mwanangu hakupata kitu, alhamdulillahi. Lakini hapa ndo niliona kabisa, walichokuwa wanakiita timu kilikuwa ni yule mama mmoja. Akiwa likizo hakuna timu, wapo tu watu wanaofanya kazi jengo moja.

Niliandika malalamiko, nikaandikiwa na dada wa ustawi wa jamii kwa Kiingereza kizuri lakini maneno yangu. Na hapa lazima niwape haki yao, hawakujificha. Bingwa mkuu wa kliniki alinipigia mwenyewe, akaomba radhi bila kuzungukazunguka, akasema tulimfundisha kutibu hatukumfundisha kukabidhi. Akaniomba niingie kamati ya wazazi, na kila Julai wanapoingia marezidenti wapya niwasimulie hizi siku tisa. Naenda. Nimewasimulia kila mwaka tangu hapo. Wengi wao mtoto wa kwanza mwenye ugonjwa wa kudumu wanamsikia kutoka kwangu kabla hawajamsoma kwenye faili, na wapo wanaouliza maswali ya maana sana, mmoja aliniuliza ile siku ya tatu ungependa nani awe amekupigia? Nikasema yeyote, mradi ajue jina la mwanangu.

Kwenye hiyo kamati ndo nikajifunza kwamba chama cha madaktari wa watoto wa Marekani walianza kusema habari ya mtoto kuwa na makao yake ya matibabu tangu mwaka 1967, na mwanzoni maana yake ilikuwa ndogo tu, sehemu moja ya kutunzia faili lote la mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu lisitawanyike. Mwaka 1992 wakaliandikia msimamo rasmi na likapanuka, matibabu ya kuendelea, ya kuratibiwa, familia ndani yake. Niliposikia hivyo nikaiwaza kadi ya kliniki ya nyumbani. Sisi mama ndo anakaa na kadi, uzito humo, chanjo humo, ukihama mkoa unahama nayo, na nesi wa kituo chochote akiifungua anaanzia pale alipoishia mwenzake. Huku kila kitu kiko kwenye kompyuta, kizuri, lakini kompyuta ya mabingwa wa damu inaandika kwa lugha yao na rezidenti wa kliniki hana muda wa kusoma kurasa 30. Nikawaambia kwenye kikao, nitengenezeeni kadi.

Na wakatengeneza. Ni karatasi moja mbele na nyuma, inakaa kwenye kompyuta ukurasa wa kwanza na nakala yangu iko kwenye daftari. Ina dawa zake, haidroksiyurea, dawa yake ya selimundu, kiasi gani na nani anaangalia damu yake, kipimo cha kichwa cha kuangalia kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo, ambacho anafanyiwa kila mwaka kuanzia miaka miwili mpaka 16 kujua kama yuko kwenye hatari ya kiharusi, kimefanyika lini na kinachofuata lini. Homa ngapi twende emajensi. Anayekaa na mtoto mchana ni bibi, Kiswahili. Chini kabisa kuna mstari unaosema rezidenti akiondoka anayebaki ni nani, majina mawili, sio moja. Wanaoandika hiyo karatasi ni marezidenti, na hawaandiki peke yao, wanakaa na nesi na sisi, na bingwa anasahihisha. Ni sehemu ya masomo yao siku hizi.

Rezidenti wa pili, kijana, tulikuwa naye 2022 mpaka 2025. Huyu nilimuona anavyokua. Mwanzo alikuwa mkimya, anaogopa kukosea, anajibu kila kitu mwenyewe. Mwaka wa pili nikaanza kumsikia anasema hilo sijui vizuri, ngoja nimwite mfamasia, na hakuona aibu. Asubuhi kabla kliniki haijaanza wanasimama wote kwenye korido kama dakika kumi, manesi, madaktari, mtu wa lishe, ustawi wa jamii, wanapitia leo anakuja nani na anahitaji nini, mimi nimewahi kuwahi nikawaona, na anayeongoza sio daktari, ni nesi. Mwanangu alipokaribia kuanza shule, huyu kijana na dada wa ustawi wa jamii waliandika barua pamoja kwa shule, awe na chupa yake ya maji mezani, aruhusiwe kwenda chooni akiomba, asitolewe nje kwenye baridi kali, nesi wa shule apigiwe mtoto akilalamika maumivu. Kuna sheria ya mwaka 1973 inayowabana shule kwa hilo na mimi nilikuwa siijui. Nesi wa shule naye sasa ana nakala ya karatasi yetu.

Makabidhiano ya 2025 yalikuwa kitu kingine kabisa. Machi tu tuliambiwa nani anakuja. Mei yule mpya alikuja kukaa kwenye miadi yetu, wa zamani anaongea yeye anasikiliza, kisha wakabadilishana. Maombi yote ya famasi siku hizi yanaingia kwa timu sio kwa mtu, kuna manesi wawili wanayaangalia kila asubuhi. Julai yule mpya alipofungua mlango, salamu ya kwanza ilikuwa shikamoo kwa bibi, matamshi yake magumu lakini bibi alicheka akaitikia marahaba, na swali la kwanza lilikuwa mnapataje dawa.

Yaliyobaki mabaya niyaseme haraka. Simu ya mapokezi bado mbovu, unasubiri mpaka unachoka. Kwenye intaneti ujumbe wao na majibu ya vipimo hayaji kwa Kiswahili, hilo nimelisema vikao vitatu na nitalisema cha nne. Maegesho ni ya kulipia, omba muhuri ndani kabla hujatoka. Na mkalimani bado hahesabiwi kama mtu wa timu, anatolewa kwenye skrini dakika ya mwisho, hajui mtoto ni nani, kila mara tunaanza upya, mtu mmoja yule yule tukimpata tungesonga mbele sana. Hiyo ndo nyota yangu ninayoishikilia.

Kama mtoto wako anaumwa vitu vya kawaida tu na unataka uingie utoke, kliniki ndogo ya mtaani inakutosha. Kama ana selimundu, pumu kali, kifafa, amezaliwa njiti, njoo hapa. Ukifika uliza timu yako ni ya rangi gani, yetu ni kijani, uliza jina la nesi wa timu uliandike kabla hata ya la daktari, na uombe ile karatasi, waambie mama wa selimundu kasema. Kliniki ya jioni ni Jumanne na Alhamisi mpaka saa mbili usiku, na ukipiga kupanga miadi taja Kiswahili kwanza ndo utaje tarehe, maana mkalimani wa Kiswahili jioni ni wachache wanagombaniwa.